Bustani ya Shimo kule Lac Vert

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikupewa jembe. Frère Ekonome, mutawa aliyeangalia mali yote ya misioni, alinipeleka nyuma ya kanisa akanionyesha kiwanja cha mawe meusi ya volkano, yale yanayokula soli ya kiatu kwa wiki mbili. Akaniambia, "Kaa hapa mpaka mvua inyeshe. Ikiisha, uje uniambie maji yamepita wapi."

Nilikuwa kijana, nimetoka Butembo, kwetu ambako udongo ni mwekundu na mbegu iliyomuponyoka mutu njiani inaota yenyewe. Nilifikiri ananichezea. Nilikaa. Mvua ikanyesha saa saba, ikanilowesha mpaka kwenye mifupa, na ilipokatika nilimwendea nikamwambia kwamba maji hayakupita popote, yamezama.

"Yamezama wapi?"

"Katika nyufa, Frère."

"Basi utapanda katika nyufa. Hupandi pale unapopenda wewe, Kasereka. Unapanda pale maji yanapopenda."

Sikupata shule nyingine zaidi ya hiyo, na herufi nilizofundishwa na watawa jioni. Nimefanya bustani za nyumbani hapa Goma miaka inayopita thelathini, na ninaandika haya nikiwa na hasira. Ninalisema mapema ili musidhani muzee amekaa kwenye kiti chake anakumbuka maua.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoifanya leo hawaijui. Jiwe la volkano lina utaratibu wake. Kwanza linaota kitu cha kijivu kama ndevu. Baada ya miaka inakuja fujeri, yale majani yanayofanana na manyoya ya kuku. Baadaye vichaka, mwisho miti. Kila kimoja kinamwandalia mwenzake udongo kidogo. Mutunza bustani mwenye akili anaingia katika safari ile pale ilipofikia, haanzi ya kwake. Wakati wetu hatukuleta udongo kwa kamio, yaani lori. Tulijaza nyufa kwa komposti, yaani mbolea ya maganda ya ndizi, majivu na majani tuliyoyaozesha miezi minne ndani ya pipa, kisha tukafunika juu kwa nyasi kavu ili jua lisinyonye maji. Kwenye mupaka tulipanda muhati, ule muti mwembamba wenye majani kama panga, kwa sababu mizizi yake inashika mawe bila kubomoa ukuta. Chini yake lengalenga na matembele ya kula. Juu ya ukuta marakuja, yale matunda ya pasheni. Bustani ya namna hiyo inakunywa mvua tu. Haimuombi mutu hata bidoni moja ya maji.

Katika mwaka wangu wa tatu nilijifunza jambo lingine. Misioni ilikuwa na shamba dogo upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Asubuhi moja tulikuta mbuzi wetu wawili wamelala ndani ya kibonde, hawana jeraha, macho wazi. Nilitaka kushuka. Frère alinishika shati kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika.

"Mazuku," alisema.

Watu wa upande ule wote wanaijua. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe, haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa tunayoivuta. Frère alifunga bujii, yaani mushumaa, kwenye ncha ya fimbo ndefu, akaiwasha, akaishusha polepole. Ilipokaribia migongo ya mbuzi, moto ulizimika, kama mutu aliyeubana kwa vidole viwili.

"Inatembea kama maji," akaniambia. "Inateremka, inajaa mahali pa chini, inangoja. Muchana jua na upepo vinaipunguza. Jioni na asubuhi inarudi. Upande huu wa muji, usimuchimbie mutu mahali pa kukaa. Ukikuta shimo, ulijaze mawe, ao ulifungulie njia upande wa chini itoke."

Frère alipohamishwa, ekonome mupya alisema misioni haihitaji mutu wa maua. Nikaenda kwa Madame Direktrise, aliyesimamia nyumba ya wageni kando ya ziwa. Huko nilikuta gazoni, yaani nyasi za kukatwa fupi kama nywele za mwanajeshi, imetandazwa toka ngazi za nyumba mpaka kwenye maji. Ilikuwa imelazwa juu ya udongo mwembamba ulioletwa toka Rutshuru, na chini yake mawe. Kila tone tulilomwaga lilizama mara moja. Ilibidi tuinyweshe asubuhi na jioni, siku zote, hata wakati wa mvua ikikosa siku mbili.

Mimi nilikaa Mapendo, na bado ninakaa hapo. Kila nilipotoka asubuhi niliwapita wamama wamepanga mustari kwenye robine, lile bomba la watu wote, na bidoni zao za njano, wengine wamefika kabla jogoo hajawika. Nusu saa baadaye nilikuwa nimeshika mupira wa maji, ninanywesha nyasi ambazo hata ng'ombe hakuruhusiwa kuzila.

Nilimwambia Madame. Nilimwambia tungeweza kuacha mawe yaonekane, tukapanda katika nyufa, ndege wangekuja, na bomba lingepumzika. Alinisikiliza vizuri, maana hakuwa mutu mubaya.

"Kasereka," akasema, "wageni wangu hawakuji Goma kuangalia mawe. Mawe wanayaona barabarani."

"Ndiyo, Madame."

Miaka sita nilisema ndiyo Madame. Ninaandika jambo hili hapa kwa sababu mutu anayezoea kusema ndiyo juu ya nyasi, siku moja atasema ndiyo juu ya kitu kikubwa.

Kitu kikubwa kilinikuta Lac Vert. Nyumba ya wageni ilifungwa, na mufanyabiashara mumoja, ambaye sisi sote tulimwita Patron, alinichukua nimutengenezee bustani ya nyumba yake mpya juu ya kilima. Wakati huo nywele zangu zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe na watu waliniita muzee. Patron alikuwa na Injenieri wake, kijana mwenye viatu safi aliyetembea na plani ndani ya kompyuta. Alinigeuzia kioo nione. Katikati ya parsele, yaani kiwanja cha nyumba, upande wa chini, kulikuwa na shimo la pembe nne, refu kumupita mutu. Kuta za simenti, ngazi za kushukia, benchi la simenti kuzunguka pande zote, mahali pa kuwashia moto katikati, na juu yake payoti, lile paa la nyasi lisilo na kuta.

"Hii iko salon ya bustani, sebule ya wageni," Injenieri alisema. "Watu watashuka, watakaa, upepo haitawasumbua."

"Upepo ndiyo unaotuponyesha hapa, Injenieri."

"Muzee, wewe ulisomaka wapi?"

"Sikusoma. Ila mbuzi zetu zilikufia pale, chini ya kilima hiki hiki."

Alicheka. Wiki iliyofuata nilikuja mapema na fimbo na bujii. Wafanyakazi walikuwa wameisha kuchimba nusu. Nilimungoja Patron atoke, na Injenieri alipofika nikawaita wote wawili kwenye ukingo. Jua lilikuwa halijapanda, na hakukuwa na jani lililotikisika. Nilishusha bujii. Usawa wa kiuno ilipungua. Usawa wa goti ilizimika. Nikaipandisha, nikaiwasha tena, nikaishusha, ikazimika tena.

Patron alimwangalia Injenieri.

"Ni unyevu," Injenieri alisema. "Tukitia simenti ikakauka, itaisha."

"Unyevu hauzimi moto," nikasema. "Patron, nisikilize. Kama munapenda mahali pa kukaa, tupandishe juu. Tutajenga kwa mawe haya haya tuliyoyatoa, watu wakae juu waone hata Sake. Na kama lazima pawe chini, basi tukate ukuta wa upande wa bonde, tuweke mufereji, hewa ile iteremuke ijiendee. Inatembea kama maji."

"Tukikata ukuta, salon itafanana nini?" Patron aliuliza.

"Itafanana na mahali ambapo mutu anaweza kukaa."

Alinikasirikia hapo. "Muzee, utanikimbizia wageni na mambo ya kijiji. Mimi nilionaka hizi Kampala, nikaziona Dubai. Hakuna mutu aliyekufa. Chimba."

Nikachimba.

Ningeweza kuficha maneno hayo, hakuna anayeyajua zaidi yangu. Nilichukua sururu nikamaliza nusu iliyobaki. Tulifanya kazi saa tano mpaka saa tisa tu, jua likiwa juu, kwa sababu nilijua. Niliwalinda wafanyakazi wangu, nikamwachia shimo mutu mwingine. Nilipanda maua kwenye pembe za chini kama plani ilivyosema, na kila wiki niliokota vipepeo na siafu waliokufa juu ya simenti. Injenieri alipoyaona maua yamenyauka, aliniambia nibadilishe aina ya maua.

Plani ile ile ilisema kibanda cha sentineli, yaani mulinzi wa usiku, kibomolewe. Kilikuwa karibu na mulango, kidogo, cha mabati, na Injenieri alisema kinachafua uso wa nyumba. Kilibomolewa siku moja. Hakuna aliyeuliza sentineli atakaa wapi.

Sentineli aliitwa Serugendo. Alikuwa mutu wa Kalengera, mulimaji, na vita ndiyo vilivyomuleta Goma na muke wake, Mama Esperansi, na watoto wao. Tulikaa kartiye moja, mutaa wa Mapendo, na tulisali katika shirika moja, yaani zile familia za jirani zinazokutana kusali nyumbani kwa mumoja wao kila wiki. Serugendo ndiye alikuwa kiongozi wetu. Alikuwa na sauti nene na kitabu cha nyimbo kilichoshonwa kwa uzi mara nyingi. Hakuonja pombe. Kwenye harusi tulimutania, maana wengine wote walipopewa chupa, yeye aliomba chai, na ndani yake aliweka sukari mpaka kijiko kinasimama. Alipokwenda kwao kuzika ndugu, aliniletea vipande vya muko, ule muti wenye maua mekundu ambao kwao wanauheshimu, amevifunga katika nguo yenye maji ili visikauke juu ya kamio. "Panda, Papa Kasereka," aliniambia. "Huu haukatalake mawe."

Kibanda kilipobomolewa, Serugendo alimwendea Patron mara tatu kuomba mahali pa kujikinga mvua. Mara ya tatu Patron alimujibu, "Payoti iko pale. Kaa pale." Serugendo mwenyewe aliniambia, jioni, mimi nikitoka na yeye akiingia.

"Usishuke mule," nikamwambia. "Unajua mazuku."

"Ninaijua. Lakini mvua ya huku pia ninaijua."

"Simama hata chini ya dari la jikoni."

"Pale bibi ya Patron hataki. Anasema ninamuogopesha kwa dirisha." Akaniwekea mukono kwenye bega. "Papa, itakuwa muda kidogo tu, mpaka mvua ikatike. Nitakaa juu ya ngazi."

Nilipaswa kurudi ndani siku ile. Nilipaswa kugonga mulango wa Patron na kusema mimi siendi nyumbani mpaka mutu huyu apate bati la kujifunika. Nilikwenda nyumbani. Mvua ilianza kabla sijafika Mapendo.

Asubuhi niligonga mulango wa parsele, Serugendo hakufungua. Mupishi ndiye aliyenifungulia, akasema hajamuona. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukingo. Alikuwa ameketi kwenye benchi, chini kabisa, kofia juu ya magoti, kidevu kifuani, kama mutu anayesinzia kanisani. Ngazi zilikuwa zimelowa mpaka ya mwisho. Payoti ilivuja upande wa ngazi, na mahali pakavu pekee palikuwa pale alipokaa.

Nilivuta pumzi nikaifunga, nikashuka, nikamushika makwapa. Sikuweza. Nilipanda, nikavuta hewa, nikashuka tena na kamba, nikamufunga kifuani, na mimi na mupishi tukamuvuta mpaka juu. Alikuwa baridi. Mupishi alianza kulia kwa sauti. Mimi nilirudi mara ya tatu kuchukua vitu vyake, kwa sababu sikutaka vibaki mule: tochi, redio ndogo, na kile kitabu cha nyimbo. Hivyo vitatu tu. Niliangalia chini ya benchi lote nikitafuta kiatu chake kimoja kilichotoka. Nilikipata. Hakukuwa na kitu kingine.

Patron alitoka na nguo za kulalia. Aliangalia mwili, akaangalia shimo. Kisha akaniambia niende kumuita shefu wa avenyu ile, kiongozi wa mutaa, na polisi. Nilikwenda kwa muguu, nikarudi nao baada ya saa nzima. Tuliporudi, chini ya benchi, pale pale nilipookota kiatu, palikuwa na chupa ya pombe kali, imebaki nusu.

Sikumuona aliyeiweka. Ninasema tu nilichokiona: nilipotoka haikuwepo, niliporudi ilikuwepo.

Polisi aliandika PV, ile karatasi yao ya ushuhuda, akiwa ameegemea gari la Patron. "Alikuwa mutu wa kunywa?" aliuliza.

"Hawa wote wanakunywaka," Patron alisema.

Polisi alinigeukia. "Muzee, ulimujua?"

"Nilimujua."

"Alikuwa anakunywa?"

Patron alikuwa ananiangalia. Injenieri alikuwa amefika, naye ananiangalia. Nilikuwa na watoto wawili shuleni na kazi hiyo moja.

"Sijui," nikasema.

Nimesema uongo mwingine maishani, kama kila mutu. Huo ndio ninaoamka nao.

Habari ilitangulia mwili kufika Mapendo. Siku ya pili ya kilio watu walikuwa wanasema polepole, mukono kwenye mudomo: kumbe kiongozi wetu alikuwa anakunywa kwa siri. Wakubwa wa shirika walikaa pembeni wakajadili, wakakubaliana kwamba musalaba wa uongozi hautawekwa juu ya jeneza. Kaka ya marehemu, aliyekuja toka Kalengera, aliona haya hata ya kuinua uso. Mimi nilikaa kati ya wanaume, karibu na moto.

Mama Esperansi alitoka katika nyumba. Wamama wawili walijaribu kumushika, akawatoa mikono. Alikuja mpaka mbele yangu, akasimama.

"Papa Kasereka," akasema, "wewe ndiye ulifika wa kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Ni wewe ulimupandisha."

"Ndiyo."

"Uliona chupa?"

Nilisimama, maana jambo kama hilo halijibiwi mutu akiwa ameketi. "Sikuona chupa," nikasema. "Niliokota tochi, redio, kitabu na kiatu. Chupa ilikuja nyuma. Bwana yako aliuawa na mazuku, ndani ya shimo ambalo mimi nilichimba, na nililijua. Na polisi waliponiuliza, nilisema sijui."

Nilingoja anipige. Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, akageuka akawaambia wakubwa wa shirika, "Mumesikia? Basi leteni musalaba."

Wakaleta.

Siku ya tatu tulipotoka kumuzika, Patron alinipigia simu. Alisema nimeharibu jina lake na nisikanyage tena kwake. Polisi nao waliniita wanieleze kwa nini nina maneno mawili juu ya kifo kimoja. Niliketi katika korido lao siku mbili, nikaeleza, wakaandika, na ile PV ya kwanza haikuguswa. Shefu wa avenyu yetu ya Mapendo alijaribu kwenda Lac Vert na wazee wawili na bujii yao. Hawakufunguliwa mulango. Na mimi, kwa miaka miwili, sikupata bustani yoyote upande ule. Injenieri alikuwa amewaambia wenye nyumba kwamba mimi ni muzee wa maneno.

Mwisho Patron aliuza parsele akahama. Mwanamuke mufanyabiashara wa Beni ndiye aliyeinunua. Alisikia watu wa soko wakisema, akanitafuta mwenyewe mpaka Mapendo. "Papa, kuko nini katika ile shimo?" Nilimweleza yote, pamoja na sehemu yangu. Aliuliza jambo moja tu: "Tunaanza siku gani?"

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa moyo kuliko zote. Tulivunja ukuta wa upande wa bonde, tukachimba mufereji uteremukao mpaka kwenye miteremuko ambapo hakuna nyumba, ili hewa ipate njia. Kisha tukajaza shimo kwa mawe makubwa chini, madogo juu, mpaka likapita usawa wa parsele, likawa kama kilima kidogo. Hatukusiliba simenti. Juu tulitia komposti katika nyufa, tukapanda muko, muhati pembeni, na fujeri zilikuja zenyewe. Yule mama aliweka viti vyake pale juu, penye upepo. Na kabla ya yote hayo, karibu na mulango, tulijenga kibanda cha sentineli, cha mawe, na dirisha pande mbili. Hakikuharibu uso wa nyumba hata kidogo.

Ningependa kumaliza hapo. Lakini ninatembea katika muji huu na ninaona. Vijana wanaojiita wachoraji wa bustani wanafika na picha katika simu, bustani za nchi ambazo hazina volkano, na hawaulizi hata mara moja maji ya parsele yanazama wapi ao hewa yake inalala wapi. Wanaviringisha gazoni ya plastiki juu ya simenti. Simenti ile haikunywi. Mvua iliyokuwa inazama nyuma ya kuta zao sasa inatoka chini ya milango yao mikubwa, inateremuka, na inaingia katika majiko yetu Mapendo. Mwaka jana nilikuta unga wa jirani yangu unaelea. Na upande wa Lac Vert, ninyi munaochimba salon za chini, nimewahesabu kwa macho nikipita barabarani. Mashimo mapya matatu. Nilibisha hodi kwenye yote matatu. Mahali pamoja walinisikiliza. Pa pili waliniambia nisubiri mwenye nyumba, nikasubiri mpaka jioni. Pa tatu sentineli alinifukuza, na huyo ndiye niliyekuja kumuponyesha.

Mutu akiniambia ni ujinga, ninakataa. Mujinga hajaonyeshwa. Hawa walionyeshwa moto ukizimika.

Niliacha kazi magoti yalipokataa kupiga chini. Wiki ile ile nilimwendea Mama Esperansi nikamwambia, "Twende tukaombe wabadilishe ile PV. Sasa sina bosi, hawana cha kuninyima." Tulikwenda pamoja. Tulipita mulango mumoja, tukatumwa mwingine, ofisi zilikuwa zimebadilisha watu na hata vibao. Mwisho tulimupata karani mumoja, kijana mwenye adabu, aliyetafuta katika maboksi mpaka akapata karatasi. Ilikuwa pale, imekuwa njano: mulinzi, mulevi, amekufa kwa pombe. Alitusomea kwa sauti, kisha akaona uso wa mama akaacha.

"Mama, pole," akasema. "Lakini mutu amekwisha kufa siku nyingi. Kubadilisha karatasi kutamusaidia nini?"

Nilinyanyuka. Nilitaka kumwambia maneno ambayo muzee hapaswi kumwambia mutoto wa mwenziwe. Mama Esperansi alinivuta shati, akanirudisha kwenye kiti.

"Mwanangu," alimwambia karani, "bwana yangu hakukunywa. Ulisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi irudishe katika boksi."

Tulitoka. Nilimuuliza kwa hasira kwa nini aliacha mambo hivyo, baada ya njia yote ile. Alitembea kidogo, anakwepa mawe ya barabara.

"Ile ni karatasi yao," akasema. "Wajukuu wa Serugendo wanajua kusoma. Wewe ulijifunza kuandika kwa watawa, na unajua kila kitu. Andika ya kwetu. Na uandike na jina lako, na ile siku uliyosema sijui."

Nimeandika.